Yasuke na Wachoraji Wake

Kaeni vizuri, na kila mmoja awe na daftari lake na kalamu.

Juzi mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni aliniletea picha. Ilikuwa ya mtu mweusi, mrefu, amevaa deraya ya Kijapani, upanga mrefu mkononi na wa pili kiunoni. Akaniuliza, "Bwana mwalimu, huyu ndiye Yasuke?" Nikamjibu, "Hii ni picha iliyochorwa na mtu ampendaye Yasuke." Hakuridhika na jibu langu. Basi leo nitalieleza.

Yasuke alikuwa Mwafrika. Alifika Japani mwaka 1579 pamoja na padre Mwitalia, Alessandro Valignano. Kitabu kimoja cha Kifaransa cha mwaka 1627 chasema kwamba alitoka Msumbiji. Mwaka 1581 alipelekwa mjini Kyoto mbele ya Oda Nobunaga, mtawala aliyekuwa na nguvu kuliko wote katika Japani siku zile. Watu walisongamana kumtazama. Nobunaga hakusadiki kwamba rangi ile ni ya ngozi yake, akamwamuru avue nguo mpaka kiunoni. Alipokwisha kuhakikisha, alimpenda, akamchukua katika utumishi wake.

Je, mambo haya tumeyajuaje? Tumeyajua kwa sababu watu waliyaandika. Mapadre waliandika barua. Kitabu cha habari za Nobunaga chasema kwamba mtu huyo alionekana kuwa na umri wa miaka 26 au 27, na nguvu zake zilipita za watu kumi. Nakala moja ya kitabu hicho yaongeza kwamba alipewa nyumba na upanga mfupi. Tena yuko Matsudaira Ietada, bwana mmoja wa Kijapani, aliyekuwa akiandika shajara. Mwaka 1582 alimwona Yasuke akifuatana na Nobunaga, akaandika jina lake, rangi yake, na urefu wake, ambao kwa vipimo vyetu ni karibu sentimita 188.

Mwezi wa Juni mwaka huo huo, jemadari Akechi Mitsuhide alimwasi Nobunaga, na Nobunaga akafa katika hekalu la Honno-ji. Yasuke alikwenda kwa mtoto wa bwana wake, akapigana muda mrefu, mwisho akatoa upanga wake. Hakuuawa; alirudishwa kwa mapadre. Hapo habari za hakika zinakoma.

Sasa tuje kwa wachoraji. Mwaka 1968 Mjapani Kurusu Yoshio alitoa kitabu cha watoto juu ya Yasuke. Mwaka 2021 ulitoka mfululizo wa katuni wenye jina lake, ndani yake mna uchawi na mashine za vita. Mwaka 2025 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Assassin's Creed Shadows, na Yasuke ni mmoja wa mashujaa wake wawili. Mashabiki nao huchora picha zao wenyewe, kwa kalamu, kwa rangi, au kwa kompyuta. Wengi wao hakuna aliyewatuma wala kuwalipa. Wamempenda tu mtu huyu.

Tuilinganishe picha na maandishi. Picha ina deraya. Maandishi hayataji deraya. Picha ina panga mbili ndefu; maandishi yataja zawadi ya upanga mfupi mmoja. Picha ina macho, pua na ndevu. Hakuna aliyeandika habari za uso wake. Urefu na rangi ndivyo vilivyotoka kwa watu waliomwona.

Basi mchoraji ni mwongo? La. Ameona pengo, akalijaza kwa mapenzi yake. Kijana mweusi aliyezoea hadithi za samurai zisizo na mtu wa rangi yake, akimchora Yasuke hujichorea nafasi naye. Hilo si jambo dogo, wala tusilicheke. Lakini picha ya mapenzi si shahidi. Kwa hiyo, kila picha ya mtu wa zamani ikija mkononi mwako, iulize maswali matatu:

1. Ni nani aliyeichora?
2. Aliichora miaka mingapi baada ya mtu huyo?
3. Alimwona mwenyewe, au alifuata maandishi, au alifuata picha ya mwingine?

Na sasa neno la mwisho. Ietada aliandika maneno machache tu, kwa ajili yake mwenyewe. Hakujua kwamba baada ya miaka zaidi ya 400 watu wa nchi asizozisikia wangeshika kalamu za rangi kwa ajili ya maneno hayo. Asingeyaandika, tusingejua urefu wa Yasuke.

Wewe nawe sasa wajua kuandika. Kazi ya juma hili ni hii: mtazame mzee mmoja wa nyumbani kwako. Andika jina lake, urefu wake, alama za uso wake, na jambo moja ulilomwona akifanya kwa macho yako. Chini yake andika tarehe na jina lako. Usiongeze usiloliona.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.