Kitabu cha Darasani, Kitabu cha Zamu ya Usiku

Geuza kitabu chochote kinene cha udaktari usome nyuma ya jalada. Mara nyingi utakuta ahadi ileile: kinawafaa wanafunzi, na kinawafaa pia walioko kazini. Wahakiki huirudia, wauza vitabu huirudia, na mkutubi aliyepewa fedha za nakala chache huipokea kwa mikono miwili, maana inamwambia kuwa ununuzi mmoja utahudumia watu wa aina mbili. Nimefundisha matabibu kwa miaka mingi na nimekaa kwenye kamati za kuchagua vitabu. Naamini ahadi hiyo hutimia mara chache mno, na isipotimia anayelipa si mchapishaji wala mnunuzi. Anayelipa ni mgonjwa.

Mwanafunzi ana muhula mzima mbele yake. Anataka kujua kwa nini ini likiharibika tumbo hujaa maji, kwa nini moyo ukichoka miguu huvimba. Anahitaji kitabu kinachomtoa hatua moja hadi nyingine bila kumruka, chenye mchoro anaoweza kuuchora tena mwenyewe usiku wa kuamkia mtihani. Tabibu aliye zamu saa tisa za usiku anatafuta kitu kingine kabisa. Sababu anazijua, au aliwahi kuzijua. Anataka kipimo cha dawa kwa mtoto wa kilo 9, anakitaka sasa, kwa mwanga wa simu, huku mama wa mtoto amesimama pembeni hasemi neno. Akilazimika kupita aya sita za historia ya ugonjwa kabla ya kufika kwenye dozi, kitabu kimemwangusha, hata kama kila neno lililomo ni la kweli.

Wanaodhani naikuza tofauti hii waangalie yaliyokipata kitabu mashuhuri kuliko vyote vya anatomia. Henry Gray, mpasuaji wa hospitali ya St George's jijini London, alikitoa mwaka 1858 kikiwa na kurasa 750 na michoro 363 iliyochorwa na mwenzake, Henry Vandyke Carter. Jina lake la mwanzo, Anatomy: Descriptive and Surgical, liliwakusudia wote wawili: anayejifunza mwili ulivyo, na anayeupasua. Carter alifanya jambo dogo ambalo hadi leo nalitumia kupimia michoro ya vitabu. Aliandika jina la kila kiungo juu ya kiungo chenyewe. Msomaji hakuona herufi “a” au “b” kisha akashuka chini ya ukurasa kutafuta maana yake. Jina la mshipa lilipita juu ya mshipa. Jicho halikuhangaika, na jambo lilibaki kichwani.

Gray alifariki mwaka 1861 kwa ndui, akiwa na umri wa miaka 34. Kitabu kikaendelea kwa mikono ya wengine, kikazidi kunenepa mpaka kikavuka kurasa 1,500. Kwa muda mrefu kilipangwa kwa mifumo: mifupa mahali pake, misuli mahali pake, mishipa ya damu na ya fahamu mahali pake. Kwa anayejifunza, mpangilio huo una mantiki. Lakini hakuna mpasuaji anayefungua mfumo. Mpasuaji hufungua shingo, au kinena, na humo hukutana na ngozi, msuli, mshipa wa damu na mshipa wa fahamu kwa pamoja, vimelaliana. Toleo la 39, la mwaka 2005, likapangwa upya lote kwa sehemu za mwili, likiwalenga walioko kazini. Na karibu wakati huohuo wachapishaji wakatoa kitabu cha pembeni, Gray's Anatomy for Students, kifupi zaidi, kwa ajili ya wanaosoma. Watu waliokuwa na kitabu chenye jina kuliko vyote, na uzoefu wa karibu miaka 150, waliamua kwamba kitabu kimoja hakitoshi. Ndiyo maana nikiletewa kitabu kipya huanza na mpangilio kabla ya kusoma yaliyomo. Mpangilio humtaja mwenye kitabu mapema kuliko utangulizi.

Katika tiba ya magonjwa ya ndani tofauti ni hiyohiyo, japo haijitangazi. Kitabu cha Davidson cha Edinburgh, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1952, kilitokana na maelezo ya mihadhara waliyopewa wanafunzi, na hadi leo kina sauti ya mwalimu. Kile cha Harrison, cha Marekani, kilianza mwaka 1950 na sasa ni juzuu mbili zenye kurasa zaidi ya 4,000. Ni kazi ya kuheshimiwa. Daktari bingwa anayeandaa mada ya Jumatatu atakifurahia. Kumpa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa stashahada ni kumtisha bure.

Lakini swali la mwanafunzi na mfanyakazi ni nusu tu. Nusu ya pili hupita kimya kwenye kamati zetu: mwandishi alipokuwa akiandika, alikuwa anaiona hospitali gani kichwani?

Chukua mtoto anayeletwa na homa kali na dalili za mshtuko: mikono ya baridi, mapigo dhaifu, na ukibonyeza ukucha damu inachelewa kurudi. Kwa miaka mingi vitabu vya nchi tajiri vilifundisha apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Nasi tulifundisha hivyo, na wanafunzi wakapata maksi kwa kujibu hivyo. Kisha mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya utafiti uitwao FEAST, uliofanyika katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania ukiongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi. Watoto zaidi ya 3,100 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, la tatu halikupewa maji ya haraka kabisa. Baada ya saa 48, katika makundi mawili ya kwanza walikuwa wamefariki watoto 10.6 na 10.5 katika kila mia. Katika kundi la tatu walifariki 7.3.

Soma tena tarakimu hizo. Tiba iliyokuwa kwenye vitabu vyenye majina makubwa ilikuwa ikiongeza vifo vya watoto wetu. Utafiti haukuwahusu wenye kuharisha wala wenye utapiamlo mkali, hao wana taratibu zao. Na simlaumu mwandishi wa London au Boston aliyeandika kwa ajili ya hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi na mashine ya kupumulia kando ya kila kitanda. Watoto wa FEAST walilazwa katika wodi za kawaida, kama zile ambazo wahitimu wetu hupangiwa kazi. Kwa hiyo nikipewa kitabu cha magonjwa ya watoto nikihakiki, hufungua kwanza ukurasa wa mtoto aliye kwenye mshtuko. Kama mwandishi hataji kwamba Afrika Mashariki ilitoa jibu tofauti, kitabu hicho hakiwezi kukaa peke yake kwenye rafu ya wodi yetu, kiwe kimeshinda tuzo gani.

Ukurasa wa pili ninaoufungua ni wa malaria kali, maana huo hutaja umri wa kitabu kuliko tarehe iliyochapwa mbele. Ukikuta klorokwini ikipendekezwa kwa malaria ya kawaida hapa kwetu, kifunge: Tanzania iliiacha mwaka 2001, na ilipofika mwishoni mwa 2006 dawa mseto ilikuwa imeshika nafasi. Ukikuta kwinini ndiyo dawa ya kwanza kwa malaria kali, mwandishi hajafika kwenye utafiti wa AQUAMAT wa mwaka 2010, uliowahusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Waliotibiwa kwa sindano za atesuneti walifariki 8.5 katika mia. Wa kwinini 10.9. Hata kitabu chenye atesuneti kinaweza kuwa kimepitwa, kwa sababu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipandisha dozi ya mtoto aliye chini ya kilo 20 kutoka miligramu 2.4 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito. Vitabu vya msaada vinavyofika vyuoni kwa makontena mara nyingi vimeondolewa kwenye maktaba za Ulaya kwa uzee. Tunavipokea kwa shukrani na kuvipiga muhuri. Nadhani tungekuwa na ujasiri wa kuvikataa vingine, hasa vya tiba. Anatomia huzeeka taratibu. Dozi huzeeka haraka.

Halafu picha. Mwanafunzi anasoma kwamba upele ni mwekundu na kwamba aliyepungukiwa oksijeni hugeuka bluu, anakwenda wodini, na hauoni wekundu wala ubluu. Kwenye ngozi nyeusi uvimbe wa ngozi unaweza kuonekana wa zambarau, wa kijivu, au kahawia iliyokolea tu kuliko pembeni. Upungufu wa damu tunautafuta kwenye viganja: fungua kiganja cha mtoto, kiweke kando ya kiganja chako au cha mama yake, linganisha. Manjano tunaitafuta kwenye weupe wa jicho, bluu kwenye ulimi na ufizi. Kitabu kisichosema hivyo kinamfundisha mwanafunzi asione. Mwaka 2020, katika chuo cha St George's kilekile alikofanyia kazi Gray, mwanafunzi mzaliwa wa Zimbabwe, Malone Mukwende, pamoja na wahadhiri wake wawili, walitoa kijitabu Mind the Gap kinachoonyesha dalili kwenye ngozi nyeusi na ya kahawia. Nilifurahi, na niliumia pia. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha watumishi wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Maarifa ya kusoma ngozi yetu yapo mlangoni petu, nasi bado tunaagiza atlasi zenye kurasa nyingi za ngozi nyeupe.

Si kwamba hatukuwahi kuandikiwa. Mwaka 1966 Maurice King alitoa Medical Care in Developing Countries, kilichotokana na kongamano la Makerere na kuchapwa Nairobi. Kilijali gharama, vifaa na nani atafanya kazi ipi pale daktari hayupo. Mwaka 1976 Eldryd Parry akahariri Principles of Medicine in Africa, na toleo lake la nne likatoka mwaka 2013. Hicho kinamweka mgonjwa ndani ya kaya yake, chakula chake na mazingira yake, kisha kinaingia kwenye ugonjwa. Kwa mwanafunzi wa Afrika Mashariki ningekitanguliza mbele ya vingi vinavyokipita kwa umaarufu, huku nikimwonya kwamba dozi azisome kwenye mwongozo wa taifa wa mwaka huu.

Miongozo hiyo, pamoja na vijitabu vya mfukoni kama taratibu za tiba ya watoto za Kenya, ndiyo imetuokoa wodini. Nimeviona vimechakaa pembe, kurasa za jedwali la dozi zina madoa ya dawa ya zambarau (GV), ukurasa wa oksijeni umegeuka rangi kwa kushikwashikwa. Hicho ni kitabu kinachofaa, na hakihitaji mhakiki.

Hapa, hata hivyo, nina hofu ambayo naisema kwa uwazi. Wanafunzi wengi sasa wanasoma mwongozo tu. Unapatikana bure, ni faili moja kwenye simu, na mtihani unatoka humo. Vitabu vya kueleza sababu ni ghali, nakala za maktaba ni chache, na sura zinazosambaa ni za kutoa kopi zenye michoro iliyogeuka vivuli. Matokeo yake tunapata mhitimu anayejua afanye nini kwa mgonjwa aliyeandikwa kwenye ukurasa, na anayeganda mbele ya mgonjwa asiyefanana na ukurasa. Mtoto mwenye selimundu, mwenye malaria, na mwenye utapiamlo kwa wakati mmoja hayumo kwenye jedwali lolote. Wa kumsaidia huyo ni tabibu aliyewahi kuelewa maji hukaa wapi mwilini na damu hubeba nini. Kumnyima mwanafunzi kitabu cha kueleza kwa kisingizio kwamba mwongozo unatosha ni kosa sawa na kumpa tabibu wa zamu juzuu mbili za Harrison.

Kwa hiyo fedha za nakala tano zisiende kwenye kitabu kimoja kinachodai kufaa wote. Nunua kile cha kueleza kwa ajili ya maktaba, kwa kuwauliza wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza wasome sura moja kisha waieleze bila kukitazama. Cha wodini mpe muuguzi wa zamu ya usiku na tabibu wa kituo cha afya kabla ya kulipa chochote. Wakae nacho mwezi mmoja, wakunje pembe ya kila ukurasa walioutafuta, na waandike kwa penseli kile walichokikosa: dozi isiyo na uzito, kipimo ambacho maabara yao haina, dawa ambayo haipo kwenye orodha ya taifa. Kamati ikutane baada ya hapo, na nakala hiyo yenye pembe zilizokunjwa iwe mezani.