Karafuu Changa Zisiuzwe Mtini

Mvua za masika zinapokatika na upepo wa kusi kushika, wenye mashamba wa Pemba huanza kutembea chini ya mikarafuu yao huku nyuso zikiwa juu. Wanatazama matumba. Yakiwa mengi, kuna matumaini ya msimu. Yakiwa haba, hesabu zote za nyumbani hubadilika, kwani mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka.

Familia nyingi hazina shamba kubwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa ardhi kwa eka tatu tatu, na baadhi ya mashamba hayo yameshagawanywa tena kwa mirathi. Muhogo, ndizi na mpunga wa bondeni hulisha watu. Karafuu ndiyo inayoleta fedha ya bati, ada na harusi.

Kuanzia Julai hivi hadi mwisho wa mwaka, nyumba nzima huwa kazini. Tumba huchumwa linapoanza kugeuka kutoka kijani kuwa jekundu la waridi, kabla halijafunguka, kwani likishachanua thamani yake hushuka. Mchumaji hupanda asubuhi na kamba yake. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika, na kila msimu huwa na habari ya aliyeanguka. Jioni ni zamu ya kuchambua: kina mama, mabibi na watoto hukaa jamvini hadi baada ya Isha wakitenga matumba na makonyo. Kisha huja kuanika, siku nne au tano za jua zuri, na wingu moja likitanda kila mtu hukimbilia majamvi. Kilo tatu mbichi hubaki takriban kilo moja kavu. Hata makonyo hayatupwi. Huanikwa na kupelekwa kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta.

Lakini kabla ya jasho hilo lote kuna miezi migumu. Akiba imekwisha, mtoto anadaiwa ada, na mwenye fedha hubisha hodi: "Sheikh, nipe mikarafuu yako kumi, nikulipe leo." Matumba bado ni machanga, pengine hayajaonekana kabisa. Bei huwa ndogo, na mwenye shida hana nguvu ya kubishana.

Biashara hii, ndugu msomaji, Mtume (SAW) aliikataza. Katika Hadithi iliyopokewa na Ibn Umar (RA), amekataza kuuza matunda mpaka wema wake udhihiri, akamkataza muuzaji na mnunuzi pia. Sababu yake si ngumu kuelewa: matunda yakiharibika, mnunuzi amelipia nini? Na yakizaa kupita kiasi, muuzaji hubaki akitazama riziki ya watoto wake ikibebwa na mwingine. Wapo wanaouita mpango huo kukodisha miti. Jina halibadilishi kitu; kinachonunuliwa ni tunda ambalo bado halipo.

Sheria imeweka njia ya salam: bei yote hulipwa mapema, kwa kipimo kinachojulikana na muda unaojulikana, wala si matunda ya mti fulani. Kwa mpunga au muhogo njia hiyo inafaa. Kwa karafuu ni vigumu, kwani mnunuzi wake kisheria ni ZSTC. Inayobaki ni kardhi hasan, mkopo usio na nyongeza, na hapo ndipo tunapopwaya. Msikiti wenye waumini mia moja hushindwa kumkopesha jirani mmoja ada ya mtoto hadi Septemba, ilhali mwenye fedha kijijini hashindwi.

Baadhi ya kina mama wameanza kwa uchache wao. Fedha ya makonyo, ambayo ni ndogo na haina macho mengi juu yake, haiingizwi katika matumizi ya msimu. Hufungwa mpaka masika yajayo, ili mgeni wa Juni akibisha hodi apewe maji ya kunywa na kuagwa kwa heshima.