Upanga Mrefu Hujifunzwa kwa Miguu

Kijana anayeshika repia kwa mara ya kwanza hukodolea macho mkono wake na ile ncha inayomeremeta. Mwalimu aliyesimama mbele yake hatazami huko. Anatazama magoti yamekunjwa kiasi gani, uzito umeegemea mguu upi, na kati yao wawili pana nafasi gani. Mwenye miguu mizuri na mkono wa kawaida atakuwa mpiga upanga. Mwenye mkono mwepesi na miguu mibovu atachomwa na kila atakayekutana naye.

Makala haya ni kwa anayetaka kuanza kujifunza upanga huo wa kale. Nayaandika nikiwafikiria vijana wa Pemba hasa, kwa sababu naamini nusu ya somo wanayo tayari.

Repia ni upanga mwembamba ulionyooka. Chuma chake hufika mita moja na mara nyingi huzidi, uzito ni kilo moja na kidogo, na kipini kimezungukwa na vyuma vilivyopindwa ili kuvikinga vidole. Ulienea Ulaya katika karne ya 16 na ya 17. Haukuwa silaha ya vita vikubwa. Ulivaliwa kiunoni na raia wa mjini, kwa heshima na kwa kujilinda. Una makali, lakini kazi yake kubwa ni kuchoma kwa ncha.

Zama hizo si ngeni kwetu. Vasco da Gama alipita katika maji haya mwaka 1498. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1593, wakaipoteza kwa Waomani mwaka 1698, na Pemba ilikuwa ndani ya mvutano huo muda wote. Huko kwao Ureno na Hispania ndio wakati upanga huu ulipokuwa umepamba moto. Mhispania Jerónimo Sánchez de Carranza alichapisha kitabu chake mwaka 1582, na Mreno Diogo Gomes de Figueyredo akaandika chake mwaka 1628. Watu wa pwani nao walikuwa na panga zao: upanga wa felegi, mrefu, wenye makali pande mbili; kitara kilichopinda; na jambia kiunoni. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kwamba alipoishi na kaka yake Majid alifundishwa kupigana kwa upanga, jambia na mkuki, pamoja na kulenga kwa bunduki. Anayedhani mambo haya si ya wanawake, au si ya Zanzibar, amechelewa zaidi ya karne moja.

Masafa

Somo la kwanza ni masafa, yaani nafasi iliyopo kati yako na mpinzani. Ridolfo Capoferro, aliyefundisha Siena, Italia, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1610, aliyagawa masafa kwa namna ambayo hata leo haijapata mbadala ulio bora. Yapo masafa mapana: ukitaka kumfikia mwenzio ni lazima upeleke mguu wa mbele. Yapo masafa finyu: unamfikia kwa kunyoosha mkono na kuegemea mbele tu, mguu haujaondoka. Nje ya masafa mapana hakuna anayeweza kumdhuru mwenzake, na hapo ndipo unapopumua, unapotazama na unapofikiri. Ukishavuka mpaka huo, kila unachofanya kiwe na sababu.

Aliyewahi kusimama uwanjani kwenye mchezo wa ng'ombe hahitaji kuelezwa haya mara mbili. Mchezo huo, ambao watu wengi huunasibisha na Wareno, bado unachezwa Pemba, na fahali hauawi. Tazama mchezaji anayejua kazi. Akiwa mbali mno, fahali hamjali. Akisogea kupita kiasi, hana tena pa kwenda. Ipo nafasi moja ambapo mnyama anashawishika kuja, na mtu bado ana muda wa kupisha. Mchezaji huitafuta nafasi hiyo kwa hatua ndogondogo, visigino vyepesi, macho hayatoki kwenye mabega ya fahali. Hatua hizo hizo ndizo anazodaiwa mwanafunzi wa repia.

Zoezi lake ni jepesi kulieleza na gumu kulifanya. Watu wawili wanasimama wakitazamana, mikono mitupu, kila mmoja ametanguliza mguu wa kulia, magoti yamelegea. Mmoja anaongoza: anasogea mbele, anarudi nyuma, anabadilisha kasi. Wa pili ana kazi moja tu, kuhakikisha nafasi iliyo kati yao haiongezeki wala haipungui. Mguu wa mbele hutangulia mnapokwenda mbele, wa nyuma hutangulia mnaporudi, na miguu haipishani. Mkiliweza hili bila kutazama chini, mmeanza kupigana upanga ingawa hamjaushika.

Mkono kabla ya mguu

Sasa chukueni fimbo. Capoferro alitaka upanga uwe na urefu mara mbili ya mkono wa mwenyewe, kwa hiyo pima kutoka begani hadi kwenye vidole, rudufu, ukate mwanzi au henzirani ya kipimo hicho. Kwa mazoezi ya peke yako, fimbo hiyo inatosha kabisa.

Mwaka 1553 Camillo Agrippa, aliyekuwa mhandisi mjini Roma, alitoa kitabu kilichopanga mikao ya mkono kuwa minne, nasi tunaitumia mpaka leo. Mkao wa kwanza ni ule mkono unaoupata wenyewe mara tu unapochomoa upanga alani: mkono juu, ncha inamtazama adui. Wa pili, kiganja kinaelekea chini. Wa tatu, kiganja kinaelekea ndani na kidole gumba kiko juu. Wa nne, kiganja kinaelekea mbinguni. Anayeanza adumu na wa tatu, kwani ndio mkao wa kupumzikia, halafu ajizoeze kwenda wa pili na wa nne bila kuyumbisha ncha.

Kisha linakuja tendo ambalo ndilo roho ya mchezo, yaani kuchoma kwa hatua moja ndefu. Utaratibu wake haubadiliki. Mkono unanyooka kwanza mpaka ncha ielekee shabaha. Mwili unafuata. Mguu wa mbele unatoka mwisho na kutua kwa kisigino, goti likikaa juu ya kifundo, na mguu wa nyuma umenyooka unyayo ukiwa chini. Wanaoanza karibu wote hupiga mguu kwanza, mkono ukafuata. Kosa hilo lina gharama: mguu ukitangulia, kifua chako kimeingia ndani ya masafa kabla upanga wako haujawa mbele yake kukulinda. Weka alama ya chokaa ukutani kwenye usawa wa kifua, uchome polepole, usikilize. Ncha iguse ukuta kabla hujasikia kisigino kikitua. Ukisikia kisigino kwanza, rudi nyuma uanze tena.

Kuufunga upanga wa mwenzio

Hapa ndipo repia inapoachana na mapigano ya fimbo tuliyoyazoea. Katika kirumbizi, ngoma ya fimbo inayochezwa Pemba, Unguja na Lamu, watu wawili huingia uwanjani, ngoma zinalia, mmoja anatupa pigo na mwenzake analikinga, kisha zamu inageuka. Pigo linazunguka, na jicho lenye mazoea huliona likitoka begani. Ncha ya repia haizunguki. Inakuja moja kwa moja, kwa njia fupi kuliko zote, na ukingoja uione ndipo ukinge, umechelewa.

Kwa hiyo walimu wa kale walifundisha kuifunga njia mapema. Unauweka upanga wako juu ya wa mwenzio, bila kuupiga wala kuusukuma, kwa namna ambayo sehemu yako yenye nguvu inakutana na sehemu yake dhaifu. Nusu ya upanga iliyo karibu na kipini ina nguvu, iliyo karibu na ncha ni dhaifu. Kila aliyeshika upondo anajua kwamba mtoto akiukamata mwisho wake wa mbali anaweza kumyumbisha mtu mzima aliyeshika huku. Ukishakuwa na nguvu juu ya udhaifu wake, mstari ulionyooka kutoka ncha yake hadi kifuani kwako umezibwa, na wako uko wazi. Akitaka kukuchoma ni lazima kwanza ajifungue: apitishe ncha yake chini ya upanga wako atokee upande wa pili. Tendo hilo hufanywa kwa vidole na kifundo, dogo kiasi cha kutosha kupita tu. Anayelifanya kwa kiwiko ameshajianika.

Wakati

Alipokuwa anapitisha ncha yake, mwenzio alikuwa na shughuli. Hiyo ndiyo maana ya wakati katika lugha ya mabwana hawa. Hawakuhesabu sekunde. Waliuita wakati ule mwendo mmoja wa adui ulio katikati ya vituo viwili vya kutulia, na wakasema mchome ndani ya mwendo huo. Mguu wake uko hewani, mkono wake unabadili mkao, ncha yake imetoka njiani: hapo hawezi kufanya jambo jingine mpaka amalize lile aliloanza. Salvator Fabris, Mwitalia aliyechapisha kitabu chake Copenhagen mwaka 1606 chini ya mfalme Christian wa Nne, alijenga mafunzo yake juu ya kusoma nyakati kama hizi bila kusimama. Mcheza kirumbizi hodari naye hamwingilii mwenzake aliyetulia. Humngoja ainue fimbo.

Usalama hauna mjadala

Kila nililolieleza kufikia hapa hufanywa peke yako, au wawili kwa mwendo wa polepole bila kuelekeza ncha usoni. Siku mnayotaka kuchezeana kweli, vifaa ni lazima. Barakoa ya wavu wa chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya mchezo huu, kinga ya koo, koti nene, glovu, na upanga butu unaopinda, wenye kifuniko kwenye ncha. Fimbo ya mwanzi ikipasuka huwa mkuki, na jicho halina spea. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia mjini Roma, bingwa wa Olimpiki Vladimir Smirnov alipoteza maisha baada ya upanga wa mpinzani wake kuvunjika na kupenya barakoa yake. Tangu hapo barakoa, nguo na chuma cha panga vimewekewa viwango vikali zaidi. Akijeruhiwa hadi kufa bingwa aliyechezea ukumbi uliojaa madaktari na waamuzi, sisi tutakaocheza nyuma ya skuli tuna sababu gani ya kuacha kuvaa?

Vifaa ni ghali, na hilo ni kikwazo cha kweli. Lakini Kenya imeonyesha kwamba njia ipo. Alexandra Ndolo, ambaye baba yake ni Mkenya, alitwaa medali ya fedha ya dunia mjini Cairo mwaka 2022 akiiwakilisha Ujerumani, kisha akahamia kuiwakilisha Kenya na kushiriki Olimpiki ya Paris mwaka 2024, wa kwanza kutoka nchi hiyo katika mchezo wa upanga. Mchezo wake wa kisasa ni mjukuu wa repia. Masafa ni yale yale, wakati ni ule ule, na mkono bado hutangulia mguu.

Wao wana vitabu, sisi tuna wazee

Wanaojifunza repia leo duniani hawakuipokea kwa mababu. Mnyororo wa walimu ulikatika. Upanga uliachwa, mashule yakafungwa, na kilichobaki ni vitabu vyenye michoro ya watu waliosimama na panga zao. Katika miongo ya karibuni wapenzi wa sanaa hiyo wamekaa na vitabu hivyo, ukurasa kwa ukurasa, wakibishana mguu huu ulielekea wapi na kiganja kile kiligeukaje. Wamefufua mengi, lakini wangetoa kila walicho nacho kumpata bwana mmoja wa Siena aliye hai, wamuulize swali moja.

Kirumbizi iko upande wa pili wa mambo. Hufunzwa kwa kutazama na kucheza, na watu wanaoijua wapo, wanatembea, wanajibu salamu. Mzee aliyecheza ujanani anaweza kukuonyesha leo jinsi ya kukinga pigo la kichwa na wapi pa kuweka mguu. Asipoulizwa, ataondoka nalo. Na sasa uwezo wa kuuliza vizuri upo, kwa sababu somo la repia limetupa maswali. Masafa yenu mlianzia wapi? Mkono na mguu, kipi kilitangulia? Mlitupa pigo mwenzenu akifanya nini? Fimbo ilipimwa kwa kitu gani? Ukikinga hivi, unajibu vipi?

Hii ndiyo faida kubwa ninayoiona kwa kijana wa Chake Chake, Wete au Mkoani kujifunza upanga wa Kitaliano. Atapata afya, nidhamu na mchezo wa maana, na zaidi ya hayo atapata jicho la kuona ufundi uliomo katika kile alichokuwa akikiita ngoma tu. Capoferro alikuwa mwalimu wa mji mmoja, na tunamjua kwa sababu aliketi akaeleza kazi yake kwa utaratibu na kumpa mchoraji aichore. Simu iliyo mfukoni mwako inarekodi zaidi ya alivyoweza mchoraji yule. Anza mazoezi ya miguu leo jioni. Wiki hii hii mtafute mzee mmoja wa kirumbizi, mpe fimbo, mwombe akuonyeshe polepole, mrekodi, kisha keti uandike kwa maneno yake mwenyewe kila alichofanya na kwa nini.