DAMU IKIGUSA KITU KIGENI

Damu yetu hutembea mwilini usiku na mchana, nayo haigandi. Lakini ikitiwa katika bilauri, baada ya dakika chache huwa nzito kama uji uliopoa. Je, ni nini kilichoigeuza? Zamani wataalamu wengine walidhani ni baridi, wengine hewa, na wengine walisema ni kwa sababu imetulia.

Mwaka 1863 Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza, alilieleza jambo hili mbele ya wataalamu wa Royal Society, London. Alionyesha kwamba damu iliyofungwa ndani ya mshipa wa mnyama aliyekwisha kufa yaweza kukaa saa nyingi bila kuganda. Bali ikitiwa katika chombo cha kioo, huganda upesi. Basi kosa si la baridi wala la hewa, ila ni kule kugusa kitu kigeni.

Siku hizi twajua zaidi. Mishipa yetu imetandikwa ndani kwa utando mwembamba wa seli hai, ambao hutoa vitu vya kuzuia damu isigande. Kioo, chuma na plastiki havina ulinzi huo. Damu ikivigusa, mambo hufuatana hivi. Kwanza, katika muda wa sekunde chache, protini za damu hujibandika juu yake. Mojawapo ni fibrinojeni. Pili, huja chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani. Katika milimita moja ya ujazo ya damu ya mtu mzima mwenye afya huwamo kiasi cha 150,000 hadi 400,000. Zikikuta protini zile hunata, huchomoza mikono na kuziita nyingine. Tatu, fibrinojeni hugeuzwa kuwa nyuzi, na nyuzi hizo hufanya wavu unaonasa chembe nyekundu. Hilo ndilo bonge la damu.

Kwa kidole kilichokatwa, hii ni neema. Kwa mtu aliyetiwa vali ya bandia moyoni ni hatari, kwa maana bonge laweza kuikwamisha vali, au kubanduka likaenda kuziba mshipa wa ubongo na kumpoozesha mtu.

Mwaka 1960 huko Oregon, Marekani, daktari Albert Starr na injinia Lowell Edwards walifaulu kutumia vali yenye mpira mdogo ndani ya kizimba cha chuma. Baadaye zikaja vali za kaboni iliyo laini mno. Hata hivyo ulaini peke yake hautoshi, kwani damu huitambua kaboni nayo kuwa ni mgeni. Umbo pia lina neno lake: mahali damu inapozubaa huganda, na mahali inapobanwa na kupita kwa nguvu nyingi, chembe nyekundu huweza kupasuka. Vali zilizotengenezwa kwa nyama ya nguruwe au ng'ombe hupatana na damu vizuri zaidi, lakini huchakaa mapema.

Kwa hiyo mwenye vali ya kaboni hana budi kumeza warfarini kila siku maisha yake yote, na kupimwa damu mara kwa mara. Dawa ikipungua, damu huganda. Ikizidi, damu huvuja. Hata mboga za majani, kama mchicha na kisamvu, asizizidishe wala kuziacha ghafula, maana zina vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.

Wazazi na wanafunzi, jambo hili halituhusu kwa mbali. Katika Afrika ya Mashariki vijana wengi wanaohitaji vali waliharibiwa moyo na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maumivu ya koo yaletwayo na bakteria. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe zahanati mapema, na akipewa dawa azimalize zote. Wataalamu wametengeneza vali nyingi za ajabu, lakini hakuna hata moja ambayo damu huipokea kama ile tuliyozaliwa nayo.