Pima Kwanza, Ndipo Uagize Kipuri

Kipuri kisichofaa kikishafika Kindu hakirudi kilikotoka. Kimepanda treni Lubumbashi, kikapita Kamina, Kabalo na Kongolo kwa siku ambazo hakuna anayethubutu kuziahidi. Au kimeletwa na ndege kutoka Kinshasa na kulipiwa kwa kilo. Au kimepanda mto Lualaba kwa mashua kutoka Ubundu. Mwenye gari ametoa dola zake, fundi amekifunga, na gari bado linazimika vilevile. Kipuri cha kwanza kinabaki kwenye rafu ya garaji, cha pili kinaagizwa, na miezi inapita. Mwishowe gari linaegeshwa nyuma ya nyumba, nyasi zinaota chini yake, na wapita njia wanasema: si unaona, ni gari la Kifaransa hilo.

Hukumu hiyo siikubali. Renault, Peugeot na Citroën za miaka ishirini iliyopita zina magonjwa yake, na mengi yanajulikana kwa jina. Lakini magari mengi yanayolala Kasuku, Mikelenge na ng'ambo ya mto huko Alunguli yameuawa na kubahatisha. Fundi amebadili kipuri kabla ya kupima.

Ni kweli kwamba magari haya ni machache mjini kwetu. Barabara ni za pikipiki na baiskeli kwanza, halafu za Land Cruiser. Hata hivyo yanakuja, na sababu zipo. Kongo tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo gari lililotumika Ubelgiji au Ufaransa linafika na usukani mahali pake. Linakunywa mafuta kidogo. Wengi hulinunua Kinshasa wakaja nalo bila kuuliza lina injini gani, na hapo ndipo matatizo huanzia.

Wanaosema Wafaransa hawajui kuunda gari la kuhimili Afrika wana historia dhidi yao. Oktoba 1924 msafara wa Citroën ulitoka Colomb-Béchar, Algeria, ukiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Ulivuka Sahara, ukapasua misitu ya kaskazini-mashariki ya Kongo hadi Kampala, ukagawanyika makundi manne, na mwaka uliofuata ukafika Antananarivo. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. 504, mrithi wa 404, ilishinda 1975 na 1978. Wazee wa mashariki ya Kongo wanaikumbuka 504 kwa heshima, na wana haki.

Kilichobadilika tangu siku hizo ni namna ya kuutafuta ugonjwa. 404 ya kawaida ilikuwa na kabureta, na fundi mwenye bisibisi na sikio zuri alimaliza kazi. Umoja wa Ulaya uliagiza magari mapya ya esansi yawe na mfumo wa kujichunguza kuanzia 2001, na ya mazutu miaka michache baadaye. Chini ya dashibodi kuna soketi ya pini 16. Ukichomeka skana, kompyuta ya injini inakupa msimbo. Hapo ndipo unaposikia ile sentensi iliyozoeleka garajini: "Papa, kompyuta imesema sensa imekufa. Tuagize sensa."

Kompyuta haijasema hivyo. Msimbo unaonyesha mahali kompyuta ilipokosa habari iliyoitegemea, basi. P0335 unahusu mzunguko wa sensa ya kranki: inaweza kuwa sensa, soketi yake, waya uliotafunwa na panya, au chembe za chuma zilizoganda kwenye ncha ya sensa. P0087 unasema presha ya mafuta kwenye reli iko chini: inaweza kuwa pampu, injekta, filta iliyoziba, hewa inayoingia kwenye bomba, au mazutu yenye maji. P0299 unasema turbo haijajaza hewa ya kutosha, na mara nyingi kosa ni bomba la mpira lililopasuka, la bei ndogo kabisa.

Chukua Renault Mégane au Laguna ya kizazi cha pili, ya esansi. Asubuhi inawaka mara moja. Mchana, baada ya kuzunguka mjini na kusimama dakika kumi sokoni, stata inazungusha injini lakini haiwaki. Ikipoa, inawaka. Fundi mwenye haraka ataagiza pampu ya esansi. Fundi wa kupima atachomeka skana, mwenzake apige stata, naye atazame mizunguko ya injini kwenye kioo. Kama injini inazunguka na skana inaonyesha sifuri, kompyuta haioni kranki, na bila kuiona haitoi cheche wala esansi. Kisha anaingiza mkono juu ya gia boksi, anachomoa soketi ndogo ya sensa, anaipuliza, anaikagua kama ina kutu ya kijani, na anapima nyaya mbili za sensa kwa multimita. Sensa nzima ya aina hiyo husoma takriban omu 200 hadi 270. Anaipima ikiwa baridi, anaipima tena ikiwa ya moto. Ikiwa moto unaukata mzunguko, hapo ameshika mwizi, na sasa anaweza kuagiza kipuri bila wasiwasi. Mara nyingi hafiki huko: soketi imesafishwa, pini zimebanwa, gari limeondoka. Katika hewa yetu yenye unyevu mwaka mzima, soketi chafu husingizia sensa nyingi.

Injini za mazutu zinahitaji uvumilivu zaidi. Renault ya lita 1.5 dCi, ambayo Nissan na Dacia pia waliitumia, hubana mafuta kwenye reli hadi bari zaidi ya 1,000. Kwa presha hiyo, tone la maji au vumbi lisiloonekana kwa jicho linakwangua pampu na injekta. Nasi tunanunua mazutu kwa Kadhafi, yaani wauza mafuta wa barabarani, yaliyohamishwa kutoka pipa hadi dumu, kutoka dumu hadi chupa, wakati mwingine mvua ikinyesha. Simlaumu anayeyauza, kwa kuwa bila yeye mji ungesimama. Mwenye gari la aina hii ayachuje, ayaache yatulie usiku kucha kabla ya kuyamimina, na afungue mara kwa mara skrubu ya chini ya filta ili maji yatoke.

Gari likikosa nguvu na msimbo ukawa wa presha, kuna kipimo kisichodai fedha. Ondoa mirija ya mrejesho juu ya injekta nne, weka mirija mingine inayoonyesha ndani, kila mmoja uingie kwenye chupa yake ndogo ya maji ya kunywa. Washa injini dakika chache, au piga stata ikiwa haiwaki, kisha panga chupa mezani. Injekta inayorudisha mafuta mengi kuliko wenzake inavuja ndani. Zikiwa sawa na zote ni kidogo, geukia filta, hewa na pampu. Kabla ya kuagiza chochote, mwaga mafuta ya filta kwenye sahani nyeupe na uyatazame juani. Yakimeta chembe za chuma, pampu inajila yenyewe, na injekta mpya itakayofungwa peke yake itafuata wenzake kaburini. Hapo mwambie mwenye gari ukweli wote na gharama yote, hata kama atasikitika. Afadhali asikitike leo kuliko baada ya kulipia injekta.

Injini hiyohiyo, hasa ya miaka ya mwanzo ya 2000, ilipata sifa mbaya ya kuua beringi za kranki. Ulaya waliruhusiwa kukaa na oili ileile hadi kilomita 30,000. Kwa vumbi na joto la mkoa wetu wa Maniema, mimi ningeibadili kabla ya 8,000.

Peugeot na Citroën za lita 1.6 HDi zinaonyesha vizuri kuliko gari lolote madhara ya kubadili kipuri bila kutafuta chanzo. Turbo inalia, moshi unatoka, turbo mpya inaagizwa kwa bei inayouma, inafungwa, na baada ya muda mfupi inakufa pia. Turbo haikuwa na kosa. Chini ya kila injekta kuna washa nyembamba ya shaba. Ikilegea, gesi za mwako hupenya, unasikia mlio wa kupumua, na kandokando ya injekta hujengeka utando mweusi mgumu unaofanana na lami. Masizi yanaingia kwenye oili, oili inakuwa nzito, inaziba kichujio kidogo kilichomo ndani ya boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo, na turbo inazunguka kavu. Kwa hiyo anayefunga turbo mpya lazima afungue pia sampu na kusafisha mdomo wa pampu ya oili, abadili bomba na boliti hiyo, abadili washa za shaba, kisha amwage oili mara mbili kwa umbali mfupi. Na kabla ya kuwasha, achomoe bomba upande wa turbo, apige stata bila injini kuwaka, aone kwa macho oili ikitiririka. Washa hizo ni za senti tu. Zinaingia mfukoni mwa abiria yeyote anayetoka Kinshasa.

Umeme ndio unaowatesa mafundi wengi, na hapa nataka kusimama kidogo. Peugeot na Citroën hizi zina kompyuta ya ndani inayoitwa BSI. Taa, madirisha, kufuli, hata ruhusa ya kuwasha injini hupitia humo. Betri ikichoka, BSI huanza kutoa malalamiko yasiyo na uhusiano: taa ya breki inawaka, vipangusa vinajiendesha, dashibodi inazimika. Misimbo kumi na miwili inatokea kwa pamoja. Fundi asiguse hata mmoja kabla ya kupima betri. Betri iliyojaa na iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi; injini ikiwaka, alteneta ifikishe karibu 14. Kisha waya wa masi. Weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, mwenzako apige stata. Kipimo kikivuka nusu volti, masi imeoza, na dawa yake ni sandpepa na boliti mpya.

Kuna makosa matatu yanayoua kompyuta hizi mjini kwetu, na yote yanazuilika. La kwanza ni kuchomelea bodi ya gari huku betri imeunganishwa. La pili ni kuliwasha kwa kuunganisha na lori lenye volti 24. La tatu ni kung'oa betri papo hapo baada ya kuzima gari: zima, toa ufunguo, ngoja dakika tano BSI ilale, ndipo ufungue waya wa hasi.

Kwa anayetaka kununua leo, nina onyo moja kubwa. Injini ya esansi ya PureTech lita 1.2, iliyoanza na Peugeot 208 mwaka 2012 na kupata tuzo ya injini bora ya daraja lake kila mwaka kuanzia 2015 hadi 2018, ina mkanda wa taimingi unaozunguka ndani ya oili. Oili iliyochanganyika na esansi huulainisha mkanda, unavimba, unamenyeka, na vipande vyake vinaziba kichujio cha pampu ya oili. Hata breki huwa ngumu, kwa kuwa pampu ya vakyumu inayozisaidia inategemea oili hiyohiyo. Mwaka 2024 Stellantis ilirefusha dhamana ya mikanda hiyo Ulaya hadi miaka 10 au kilomita 175,000. Dhamana hiyo haivuki bandari ya Matadi. Fungua kifuniko cha oili, angaza kwa tochi: mkanda unaonekana palepale. Ukiona nyufa au kingo zilizonyofoka, muage muuzaji.

Kuhusu filta ya masizi, ambayo Peugeot ilikuwa ya kwanza kuifunga kwenye gari la kuuzwa, 607 ya mwaka 2000: hujisafisha kwa joto kali, na safari fupi za Kindu hazilifikii. Kabla ya kufikiria kuikata, kagua mirija miwili ya mpira ya sensa ya presha; hupasuka na kutoa habari za uongo. Peugeot 206 nayo itazame kwa nyuma ikiwa imesimama: magurudumu yakiinama ndani kwa juu, beringi za mhimili zimekwisha.

Kilichobaki ni vifaa, na mafundi wetu wanalo jambo moja linalowaweka mbele ya wenzao wa Nairobi au Dar es Salaam. Programu za kampuni zenyewe, Diagbox ya Peugeot na Citroën na CLIP ya Renault, pamoja na michoro ya nyaya, zimeandikwa kwa Kifaransa kwanza, lugha waliyosomea darasani. Skana ya bei ndogo ya ELM327 inayounganishwa na simu inatosha kusoma misimbo ya injini, lakini haifiki ndani ya BSI. Kifaa kamili na laptopu ya zamani ni mzigo kwa garaji moja. Garaji nne za mtaa mmoja zikifanya likelemba, kila mwezi zikiweka kidogo, kinanunuliwa, kinatumika kwa zamu, na kila gari linalopimwa linaandikwa kwenye daftari moja: aina ya injini, msimbo, kilichopimwa, kilichokutwa. Vipimo vifanyike kwa yule mwenye jenereta, ili betri za magari zisishuke wakati wa kupima, na daftari hilo likae hapo.