Kongwe, Kuukuu au Chakavu? Kwa Nini Wageni wa Hoteli Moja Husimulia Mambo Tofauti

Kila anayefundisha Kiswahili anaijua sajili ya hotelini. Mhudumu anasimama karibu na meza na kuuliza, "Nani kuku?" na mtu mzima anajibu bila aibu, "Kuku ni mimi." Mfano huu huchekesha darasa, nao unaonyesha vizuri jinsi mazingira yanavyofupisha lugha. Hata hivyo, sajili hiyo haiishii mezani. Ipo sehemu yake nyingine ambayo huguswa kwa nadra, nayo ni namna mgeni anavyosimulia malazi yake baada ya kuondoka. Makala haya yanaeleza kwa nini watu waliolala katika hoteli moja ya kihistoria, pengine usiku mmoja, hutoa masimulizi yanayopingana, na mwanafunzi wa lugha ajifunze nini kutokana na hali hiyo.

Neno "hoteli" na neno "mgeni"

Tuanze na maneno yenyewe. Kwa Wakenya na Watanzania wengi, hoteli ni mahali pa kula, hata kama hapana kitanda hata kimoja. Anayetafuta pa kulala kwa bei nafuu Tanzania huuliza gesti iko wapi. Hivyo basi, mtu akisema "hoteli ile ni mbaya", jambo la kwanza ni kumuuliza: mbaya kwa chakula au kwa malazi? Mabishano mengi huishia hapo.

Neno "mgeni" nalo lina mzigo wake. Katika mila zetu mgeni halipi. Tunasema "mgeni njoo, mwenyeji apone", na kwa upande mwingine, "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Hoteli imelichukua neno hili la heshima na kulibandika kwa mteja. Matokeo yake ni kwamba anayelipa hutegemea vitu viwili kwa wakati mmoja: haki za mteja na ukarimu wa nyumbani. Akikosa haki hulalamika kuhusu bei. Akikosa ukarimu husema, "Hawakunijali," na lalamiko hili la pili ndilo husimuliwa kwa muda mrefu zaidi.

Vivumishi vinavyohukumu

Tazama sasa jinsi Kiswahili kinavyotaja umri wa kitu. Tuna -kongwe, -kuukuu, -chakavu, -a zamani na -a kale. Vyote vinahusu miaka, lakini havina uzito sawa. Mji Mkongwe wa Zanzibar huitwa hivyo kwa fahari. Hakuna anayeuita mji kuukuu. Nguo kuukuu ni ile iliyokwisha kuvaliwa sana, na jengo chakavu ni lile linalohitaji fundi haraka.

Kwa hiyo mgeni anayesema "hoteli kongwe" na mwenzake anayesema "hoteli kuukuu" wanaweza kuwa wameona ngazi ile ile na mlango ule ule. Tofauti yao imo ndani ya kivumishi. Wa kwanza anaamini kwamba ya kale ni dhahabu. Wa pili yuko upande wa wale wasemao kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwanafunzi asipoliona hilo, atadhani mmoja wao ni mwongo.

Jengo lenyewe lina sababu zake

Baadhi ya tofauti hutokana na jengo. Hoteli nyingi za kihistoria zilijengwa katikati ya mji wakati magari yalikuwa machache. Leo katikati ya mji ni mahali penye kelele na pasipo nafasi ya kuegesha gari. Anayekuja kwa shughuli za ofisi hufurahi kwamba anatembea kwa miguu hadi benki. Anayetaka usingizi hulaumu honi za magari alfajiri.

Kuta nene na dari za juu huleta ubaridi bila kiyoyozi, lakini hufanya iwe kazi kubwa kubadilisha mabomba na nyaya zilizopita ndani yake. Chumba cha mbele huweza kuwa kipana na chenye roshani, na cha nyuma kikatazamana na jiko, kwa sababu majengo hayo yaliongezwa vipande vipande kwa miaka mingi. Wageni wawili hulipia hoteli moja lakini hawalali katika chumba kimoja. Aidha, panapolindwa kama urithi, mfano Mji Mkongwe wa Zanzibar ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, mwenye nyumba hawezi kuvunja ngazi au kubadilisha madirisha apendavyo. Ngazi yenye mteremko mkali inayomchosha mzee ndiyo hiyo hiyo inayopigwa picha na kijana.

Historia ya nani?

Sababu iliyo nzito zaidi si ya mabomba. Hoteli ya kihistoria huuza historia pamoja na kitanda, na historia hiyo haikuwa tamu kwa kila mtu.

Chukua hoteli ya Norfolk jijini Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 25 Desemba 1904. Sifa zake zinazotajwa mara nyingi ni za walowezi, wawindaji na watu mashuhuri. Rais wa zamani wa Marekani, Theodore Roosevelt, alifikia hapo katika safari yake ya uwindaji ya mwaka 1909. Lakini tarehe 16 Machi 1922, umati wa Waafrika ulikusanyika kwenye kituo cha polisi kilichokuwa karibu na hoteli hiyo, kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku aliyekuwa amekamatwa. Polisi waliwafyatulia risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walifyatua. Serikali ya kikoloni ilikiri vifo 21, na wengine wamesema idadi ilikuwa kubwa zaidi. Leo hoteli hiyo iko kwenye barabara iitwayo Harry Thuku. Baraza ambayo mgeni mmoja anaiita tulivu, mwingine anaitazama akihesabu waliokufa mbele yake. Wote wawili wanasema kweli kuhusu baraza ile ile.

Hapa Malawi tunao mfano wetu. Hoteli ya Ryalls imo katikati ya Blantyre. Tarehe 26 Januari 1960, Waziri Mkuu wa Uingereza, Harold Macmillan, alikuwa mgeni wake kwa chakula cha mchana. Wakati huo Nyasaland ilikuwa chini ya hali ya hatari, na Dk. Hastings Banda alikuwa kizuizini Gwelo, Rhodesia ya Kusini. Nje ya hoteli waandamanaji walikusanyika, na polisi wakawatawanya. Waandishi wa habari wa Uingereza waliokuwapo waliandika kwamba maofisa wa Kizungu walitumia ukatili. Serikali iliunda tume chini ya Jaji Southworth, na tume hiyo ikahitimisha kwamba habari hizo zilitiwa chumvi mno. Mlango mmoja wa hoteli, mchana mmoja, na masimulizi mawili. Waliokuwa mezani ndani wangeweza kusimulia la tatu, kuhusu chakula.

Mgeni anapogeuka mkimbizi

Wasomaji wetu wa Dzaleka wanajua mfano mwingine ulio mgumu zaidi. Hôtel des Mille Collines ilifunguliwa katikati ya Kigali mwaka 1973. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watu zaidi ya 1,200 walijihifadhi humo. Maji ya bomba yalipokatwa, walikunywa maji ya bwawa la kuogelea. Filamu ya Hotel Rwanda ya mwaka 2004 ilimwonyesha meneja Paul Rusesabagina kama mwokozi, na wapo walionusurika wanaosema hivyo. Wengine walionusurika katika jengo hilo hilo wanasema aliwadai fedha, na kwamba kilichowalinda kilitoka kwingine. Ubishi huo haujaisha. Tunachoweza kusema kama walimu wa lugha ni kwamba swali la "mgeni alilipa?" lilikuwa swali la kawaida mwezi Machi 1994, na mwezi Aprili likawa swali la uhai. Neno halikubadilika, mazingira ndiyo yalibadilika.

Mwaka huo huo wa 1994 kambi ya Dzaleka ilifunguliwa wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza. Wapo wanafunzi waliozaliwa hapo na bado wanaitwa wageni. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kwao methali ya siku mbili na jembe haichekeshi, kwani jembe wanalitaka na ruhusa ya kulima ndiyo haipatikani kirahisi. Mwalimu anayefundisha sajili ya hotelini mbele ya darasa la namna hiyo, nusu wakitoka Area 47 na nusu Dzaleka, afahamu kwamba neno "mgeni" halisikiki kwa sikio moja.

Namna ya kulifundisha jambo hili

Tunapendekeza mwanafunzi anayesoma au kuandika simulizi ya malazi ajiulize maswali matatu. Kwanza, kipi hapa ni tukio na kipi ni hukumu? "Maji ya moto yalifika baada ya dakika kumi" ni tukio. "Bafu kuukuu" ni hukumu. Pili, msimulizi alipima kwa kipimo gani: bei aliyolipa, hoteli aliyoizoea, au nyumbani kwake? Tatu, alisimama wapi: chumba cha mbele au cha nyuma, barazani au barabarani?

Maswali haya hayalengi kumfanya mwanafunzi aseme kila mtu ana haki sawa. Bafu likivuja linavuja, na risasi ikifyatuliwa imefyatuliwa. Lengo lake ni kutenganisha yale ambayo wasimulizi wote wanakubaliana na yale wanayotofautiana, kisha kuuliza tofauti hiyo imetoka wapi. Tukifanya hivyo, zoezi la "Nani kuku?" litabaki na kicheko chake, na darasa litakuwa limepata pia njia ya kusikiliza.

Kwa zoezi la muhula huu, kila mwanafunzi azungumze na watu wawili waliowahi kulala katika hoteli moja ya zamani, iwe Lilongwe, Blantyre, Zomba au kwao alikotoka, aandike masimulizi yao bila kuyasahihisha, na apigie mstari kila kivumishi. Majina ya wasimulizi yasitajwe. Kazi zitakazokuwa bora zitasomwa darasani.