Mume na Mke Mjini Berlin: Siku Moja ya Matembezi

Sisi akina mama wa Kinole tunajua kutembea. Tunashuka mlima na mananasi kichwani, tunapanda na chumvi na sabuni. Lakini kutembea na mume siku nzima, mikono mitupu, bila kwenda sokoni, msibani wala hospitalini, hilo kwetu si la kawaida. Wengi tumezaa, tumelea, tumesomesha na kuoza, na bado hatujapata siku moja ya kuzungumza sisi wawili tu.

Septemba 2024 mimi na mume wangu tulipata siku hiyo, tena mbali na nyumbani. Tulialikwa Ujerumani na marafiki wa kanisa, na Jumamosi moja wenyeji wetu walituachia nafasi tuuone mji mkuu, Berlin, peke yetu. Walitupa ramani, tiketi ya siku nzima ya treni na tramu, na mkate wa njiani. Napenda kuwashirikisha tuliyoyaona, kwa sababu katika mji ule wa ugenini tulikutana na habari zetu wenyewe.

HATUKUWA WA KWANZA

Zaidi ya miaka mia moja kabla yetu, Mswahili mmoja alitembea katika mitaa hiyo akiwa na mkewe. Ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalitolewa kitabu mwaka 1903. Mwaka 1904 alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata walipanda meli kwenda Afrika Mashariki, lakini utawala wa kikoloni ulimkataza Bertha kushuka. Mke mweupe wa mume mweusi hakutakiwa. Mtoro angeweza kubaki kwao na kumwacha mkewe arudi peke yake. Hakufanya hivyo. Walirudi Berlin wote wawili, naye akaishi Ujerumani mpaka alipofariki mwaka 1927.

Nilimsimulia mume wangu habari hiyo tukiwa kwenye treni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyo alikuwa mume."

LANGO NA NYUMBA ISIYOKUWAPO

Tulianzia Lango la Brandenburg, lililokamilika mwaka 1791. Lina kimo cha mita 26, na juu yake kuna gari la farasi wanne. Kuanzia 1961 hadi 1989 ukuta uliougawa mji ulipita hapo, na ndugu waliokuwa mtaa mmoja hawakuonana. Sasa watoto wanapita chini yake kwa baiskeli.

Hatua chache kutoka hapo ni mtaa wa Wilhelmstraße. Nyumba tuliyoitafuta haipo tena, lipo bao la kumbukumbu tu. Hapo ndipo Mkutano wa Berlin ulipofanyika, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885. Mataifa 14 yalikaa kupanga kanuni za kujitwalia Afrika, na hakuna Mwafrika aliyeketi mezani. Majuma yale yale Karl Peters alikuwa akizunguka huku kwetu na karatasi za mikataba, katika Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Ukami ndiyo nchi ya Morogoro! Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano kwisha, Kaisari alitia sahihi hati ya kuzilinda nchi hizo.

"Mama watoto," mume wangu akasema, "kumbe tuligawanywa tukiwa shambani."

DAKTARI KOCH

Mimi muuguzi nisingepita karibu na hospitali ya Charité bila kuitazama. Ilianzishwa mwaka 1710. Jirani yake ipo sanamu ya Robert Koch, daktari ambaye mwaka 1882, katika mji huo huo, alitangaza kwamba amegundua vijidudu vya kifua kikuu. Kila mgonjwa ninayemshauri apime makohozi ana deni kwake. Lakini daktari huyo huyo alikuja Ziwa Viktoria mwaka 1906 kutibu malale kwa dawa iitwayo atoksili, na baadhi ya wagonjwa wetu walipofuka. Nilisimama mbele ya sanamu nikashukuru, nikasikitika pia. Mtu mmoja aweza kuacha mema na maumivu, na si haki kusimulia upande mmoja tu.

MJUSI WA TENDAGURU

Katika Makumbusho ya Elimu ya Viumbe yumo yule mjusi mkubwa wa kale aliyechimbuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mifupa yake iliyosimamishwa ina kimo cha zaidi ya mita 13. Ukisimama miguuni pake wewe ni kifaranga. Wataalamu wanakadiria kwamba aliishi miaka milioni 150 iliyopita.

Nani aliyembeba? Mamia ya watu wetu walichimba, wakafunga mifupa kwa uangalifu, wakaichukua vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Jumla ya mizigo ilizidi tani 200. Msimamizi wao hodari alikuwa Boheti bin Amrani. Je, mjusi arudishwe nyumbani? Watanzania wameyajadili hayo kwa miaka mingi. Mume wangu hakusema arudi au abaki. Aliuliza tu, "Na wabebaji, nani aliwaandika majina?"

KANISA LA UDONGO

Tulipanda tramu hadi mtaa wa Bernauer Straße, palipopita ule ukuta. Hapo palikuwa na Kanisa la Upatanisho. Ukuta ulipojengwa, kanisa lilibaki katikati ya eneo lililokatazwa, na waumini hawakuruhusiwa kuingia. Mwaka 1985 serikali ya Ujerumani Mashariki ililibomoa kwa baruti. Mwaka 2000 mahali pale pale walifungua kanisa dogo jipya. Na kuta zake, akina mama wenzangu, ni za udongo ulioshindiliwa, wenye vipande vya lile kanisa la zamani ndani yake! Niliugusa ukuta nikakumbuka nyumba za wazee wetu mlimani. Hawakuvificha vifusi. Walijengea.

Tulikaa humo muda mrefu. Mume wangu akaanza kunieleza jambo ambalo kwa miaka yote ya ndoa yetu nililisikia nusunusu tu. Agosti 1916 Waingereza walipoingia Morogoro, Wajerumani walirudi nyuma kupitia milima ya Uluguru, na majeshi yote mawili yalichukua watu kwa nguvu kubeba mizigo. Mjomba wa mama yake alichukuliwa. Hakurudi, wala kaburi halijulikani. Bibi yao aliendelea kumwekea chakula. Nyie mnajua uzito wa mjomba katika ukoo wa Kiluguru. Mume wangu alilia, nami nikamshika mkono.

Tulikumbuka pia kwamba tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea akaomba msamaha kwa waliouawa katika vita vya Maji Maji. Msamaha haumrudishi aliyekufa. Lakini aliye hai huupata mlango wa kusema.

JIWE MOJA DOGO

Mwisho tulikwenda Brunnenstraße, nyumba namba 193. Chini, katika njia ya waendao kwa miguu, kuna jiwe dogo lenye bamba la rangi ya dhahabu. Ni la kumkumbuka Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana kama Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1904. Alipelekwa vitani akiwa mtoto. Baadaye alikwenda Berlin kudai mshahara wa askari, wake na wa baba yake, akanyimwa. Alifanya kazi ya uhudumu, akaigiza sinema, akafundisha Kiswahili. Utawala wa Wanazi ulimkamata mwaka 1941 kwa uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alikufa mwaka 1944 katika kambi ya Sachsenhausen.

Mume wangu alivua kofia. "Huyu angalau ana jiwe," akasema.

NANYI JE?

Huhitaji ndege ili kupata siku kama hiyo. Nendeni Bagamoyo, au makumbusho ya Maji Maji kule Songea, au hata kwenye makaburi ya ukoo wenu. Kama muuguzi nawaonya: vaeni viatu mlivyovizoea, kunyweni maji, na mwenye dawa za shinikizo la damu au kisukari asiziache nyumbani. Pumzikeni mara kwa mara, kwa maana mengi husemwa mkiwa mmekaa.

Kisha mwulize mwenzi wako: katika ukoo wenu, nani aliondoka asirudi? Msikilize mpaka amalize. Sisi tumekwisha kuandika jina la mjomba yule katika daftari la familia, na wajukuu wanalisoma.